Kiatu cha Kushoto

Maskati
Ijumaa, 5 Januari 2024

Kwa mdogo wangu Shariffa,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako, na marahaba kabisa, maana najua shikamoo iko njiani. Sisi huku wazima. Mwanangu Ammar amebadilishiwa zamu kazini, siku hizi tunamwona mchana. Mjukuu wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kupigwa picha. Baridi imeingia. Mimi nimejifunika blanketi mbili na wenyeji wanapita na kanzu nyepesi.

Naandika, sipigi simu, kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii. Ikilia tu wanaiweka sauti kubwa sebuleni, kila mtu anakusalimia, na mimi na wewe hatusemi kitu. Haya nataka tuyaseme wawili.

Yusra ameniambia una sukari. Usimgombeze, ni binti yako na ana haki ya kuogopa. Kasema umepimwa tangu Novemba na umemkataza asiniambie. Kwa nini, Shariffa? Mama alikuwa nayo, mimi ninayo mwaka wa kumi na moja huu, sasa na wewe. Ya kufichana nini?

Kinachonitisha ni miguu, na unajua kwa nini. Mama alipata lengelenge chini ya kidole kwa makubadhi mapya ya harusi, lengelenge lenyewe dogo kama chembe ya choroko. Kwa hilo alikatwa mguu, na baada ya mguu hakuishi siku arubaini.

Basi nisikilize. Miguu ioshe kila siku kwa maji ya vuguvugu, na usiyapime maji kwa mguu, yapime kwa kiwiko, maana mguu wenye sukari huongopa. Kausha vizuri katikati ya vidole. Paka mafuta juu na chini, lakini katikati ya vidole usitie, patalainika na kuchubuka. Kucha kata moja kwa moja, usichimbe pembe. Usitembee miguu mitupu hata ndani, hata kwenda msalani. Kiatu kabla ya kukivaa kikung'ute, tia mkono ndani. Na nyayo zitazame. Nakuletea kioo chenye mpini kwa ajili hiyo tu.

Nakuletea na viatu vya daktari, vipana mbele, ndani havina mshono. Ni vyangu, nimevivaa kidogo, Ammar amenunua vingine. Namba yetu ni ile ile thelathini na nane, tangu tulipokuwa tukigombania viatu vya skuli. Mzigo anao Bashira, yule mama wa manukato wa Malindi anayekuja na kurudi.

Kila Ijumaa ukishasali, kaa utazame miguu yako, uniandikie ulichokiona, kidole kwa kidole. Ukiniandikia "sijambo" tu nitajua unanificha kitu.

Dada yako,
Hind


Mkunazini, Unguja
28 Januari 2024

Dada Hind, shikamoo. Umeshaitikia, kwa hiyo tuendelee.

Sisi hatujambo. Yusra yuko kwake Kizimbani, mumewe bado anafanya kazi shamba la viungo, Jumapili huniletea ndizi na kunipekua. Plasta ya ukuta wa uani imedondoka tena. Paka amezaa ndani ya kabati la marehemu Khelef, juu ya kanzu zake, nami sikuwa na moyo wa kumtoa. Mwezi ujao Khelef anatimiza miaka miwili. Hukuja kumzika mume wangu. Sisemi kitu, nataja tarehe tu.

Kioo nimekipokea, kizuri sana, nakitumia kutolea nyusi. Viatu vinanibana, pengine Maskati namba zao ni nyingine. Halafu cha kulia soli imelika kisigino, cha kushoto kinang'aa utasema kimetoka dukani leo. Huko mnatembea kwa mguu mmoja? Nimeviweka chini ya kitanda.

Miguu yangu mizima. Hilo ndilo jibu la Ijumaa zote kwa pamoja. Nina magaga kidogo kisiginoni kama kila mwanamke wa rika letu, nayatibu kwa hina.

Sasa na mimi nina langu. Nataka kujua wewe na Yusra mnapanga nini. Juzi kaniuliza nyumba hii ina ngazi ngapi. Ngazi! Kazaliwa humu, kazihesabu utotoni kwa makalio. Mtu haulizi ngazi za nyumba ya mama yake ila amekusudia kumtoa. Mkitaka nikakae Kizimbani na karafuu, semeni wazi, msinizunguke kwa vioo na viatu.

Mdogo wako,
Shariffa


Maskati
3 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Ammar anakusalimu, mkewe anakusalimu, na mwenye mapengo anakusalimu, sasa anacheka mbele za watu. Mvua ilinyesha siku mbili, njia zikawa mito, watu wakakaa ndani.

Bashira amefika na barua yako. Nimemkalisha, nimempa kahawa, nimemwuliza habari zako, na unamjua Bashira, hahitaji kubanwa. Kasema alikuona kwenye maulidi ya jirani yako. "Bi Hind, mdogo wako kapendeza! Hina nyayo mpaka vifundoni, ishakoza, utasema bi harusi." Kasema Mwanapili, yule anayepaka watu hina, anapanda kwako kila wiki. Halafu akapunguza sauti. Kasema kafika kwako mara tatu, na mara zote tatu kakuta viatu vya kiume mlangoni, vya ngozi, vikubwa. Mwenyewe hakumwona.

Shariffa, mjane hatii hina mpaka vifundoni kwa ajili ya magaga. Magaga yako kisiginoni. Eda ulishamaliza, huna kosa mbele ya Mungu wala mbele yangu, lakini kwa nini kwa siri? Nani huyo? Kama ni mtu wa maana angetujia na jina lake. Kama ana mke, niambie wewe kabla sijaambiwa na Bashira. Nimemwuliza Yusra kwa mbali, kasema hajui kitu, au amefundishwa kusema hivyo.

Nimekasirika, nakwambia kweli. Halafu nikikaa nafurahi kidogo kwamba una mwenzio, kisha nakasirika tena.

Na Ijumaa zangu ziko wapi? Zimepita nane na nimepata neno moja, "mizima". Au huyo bwana ndiye anayekutazamia nyayo?

Hind


Mkunazini
20 Machi 2024

Dada yangu, shikamoo, na Ramadhani njema.

Leo ni ya tisa. Daktari kanikataza kufunga na nimemtii, lakini nakula jikoni na mlango nimeuegesha, jirani asije akaona. Yusra hajambo. Watoto wa paka wameanza kutembea, mmoja kaanguka ngazi tatu akasimama akajilamba. Hizo ngazi mnazozihesabu.

Barua yako imenichekesha mpaka nikakaa chini. Mwanamume! Basi sikatai wala sikubali. Mtu mzima ana mambo yake. Ninachokwambia ni kwamba mwenye viatu hivyo ni mtu wa heshima, hana mke mwingine, na hajanipandishia sauti hata siku moja. Bashira akitaka zaidi ya hapo, aje akae mlangoni na mswala.

Kwa hiyo mwambie Yusra apumzike. Mwanamke mwenye mtu nyumbani hahamishwi.

Nina ombi moja. Bashira akirudi mpe udi, ule mzito wa huko, vipande vingi, si vile vya kuonjesha. Siku hizi nachoma asubuhi na alasiri, na uliobaki hautafika Idi. Na hina ya huko pia, nasikia inakoza vizuri.

Miguu mizima.

Shariffa


Maskati
18 Aprili 2024

Shariffa,

Sikusalimu. Salamu utazipata baadaye.

Barua hii sikumpa Bashira. Ammar ameipiga picha akamtumia Yusra kwenye simu, na hivi sasa Yusra amesimama mbele yako anakusomea. Usimfukuze. Nimemwambia asitoke mpaka amalize mstari wa mwisho.

Juzi nilikuwa nakufungia udi wako. Nimeufungua kuukagua, harufu ikapanda, na nikamkumbuka mama. Nilimkumbuka alivyokuwa Julai ya mwaka tisini na tano, nilipokuja likizo. Nilimkuta kakaa kitandani, hina mpaka vifundoni, chetezo hakizimi, chumba kizima moshi wa udi. Nikamtania baba kuwa bibi huyu anataka kuolewa upya. Tukacheka sote, na mama akacheka. Oktoba akazikwa. Hina ilikuwa inaficha wekundu wa ule mguu, na udi ulikuwa unaficha harufu yake.

Nimemwita Bashira, aliyerudi huku baada ya Idi. Nimemwambia nieleze hivyo viatu. Kasema ni vya ngozi ya kahawia, ukanda umeshonwa kwa uzi mweupe. Viatu hivyo nilivinunua mimi mwenyewe soko la Matrah nikampelekea Khelef. Mtu wa heshima, hana mke mwingine, hajakupandishia sauti. Hukuniongopea hata neno. Ila mwenyewe yuko kaburini miaka miwili.

Halafu kasema siku ya Idi alikuta kimoja tu mlangoni, cha kulia. Mwanamume gani anavua kiatu kimoja mlangoni akaingia na kingine? Cha kushoto kilikuwa ndani, mguuni mwako, chini ya gauni. Mguu wako wa kushoto umevimba hauingii tena kwenye thelathini na nane. Januari uliniandikia kuwa viatu vinakubana, na mimi nikasoma nikapita! Nimejilaumu kwa hilo kuliko yote.

Na jingine, nimekaa nalo miaka ishirini na tisa. Barua yako ya Septemba ile bado ninayo. "Mama hajambo, miguu inamsumbua kidogo." Wewe ndiye uliyekuwa ukimwosha. Nimekushuku siku zote hizo kwamba ulijua.

Yusra, mwanangu, sasa mshike mama yako mguu wa kushoto. Toa kitambaa, tazama. Ukishatazama usipoteze wakati kunipigia mimi, mpeleke hospitali.

Hind


Mkunazini
2 Juni 2024

Dada Hind,

Shikamoo. Nimerudi nyumbani. Yusra amehamia hapa na mumewe anakwenda Kizimbani kila siku asubuhi, kwa hiyo ngazi wanazihesabu wao. Paka wawili tumewagawa, mmoja amebaki, yule wa kuanguka. Bashira amekuja kuniangalia na tende, na hakuuliza kitu, jambo ambalo sijapata kuliona.

Nimelazwa siku ishirini na tatu. Wamenikata vidole viwili vya mguu wa kushoto, kidogo na jirani yake. Mguu umebaki. Daktari kasema ningechelewa wiki mbili tatu asingekuwa na vidole vya kuvizungumzia.

Ilikuwa Desemba, kabla hata kioo chako hakijafika. Nilikuwa nafukiza nguo, kaa la chetezo likaanguka. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikatazama kanga, nikatazama mkeka, nikainua na mto. Mwisho nikatazama chini, kaa limekaa juu ya mguu wangu na mimi sikusikia chochote. Niliogopa, dada. Sikuogopa kidonda, niliogopa ule mguu wenyewe, umesimama pale kama wa mtu mwingine. Mwanapili nilimwambia ni jipu, atie hina kwa kulizunguka. Kisha jipu likakua na hina ikapanda nalo. Mguu ulipovimba nikatoa viatu vya Khelef kabatini, na nilikwenda navyo Darajani nikarudi, hakuna aliyenitazama. Mlipodhani nina mwanamume nikaona afadhali mdhani hivyo.

Ndiyo, nilijua. Ya mama nilijua tangu Juni. Alinishikisha msahafu kuwa sitakwambia. Wewe Julai uliondoka na mimba changa ya Ammar, baada ya tatu kuharibika, na mama alisema ukisikia utarudi tena, na ukirudi utampoteza huyo naye. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikaandika "kidogo". Kila nikilikumbuka neno hilo naona haya.

Na usiniulize kwa nini nimefanya kama yeye wakati nilimwona. Kwa sababu nilimwona. Mama alikaa na kidonda miezi mitano, anakula, anacheka. Siku alipokifunua ndipo walipomkata, na akafa. Kichwani mwangu kilichomuua ni kule kukifunua. Najua ni upuuzi. Nimekaa na upuuzi huo tangu siku ile na hakuna aliyenitoa, maana sikumwambia mtu.

Haya, deni la Ijumaa zako. Ijumaa, 31 Mei. Mguu wa kulia: vidole vitano, kisigino kikavu, nimekipaka mafuta. Mguu wa kushoto: gumba kipo, cha pili kipo, cha kati kipo, viwili havipo. Kidonda chekundu, safi, hakina harufu. Nimetazama mwenyewe kwa kioo. Yusra alitaka kunishikia nikamkataza.

Sasa ni zamu yangu kukushuku.

Hospitali mtu hana kazi ila kutazama dari na kufikiri. Nimefikiri viatu vyako vya daktari. Nilikufanyia mzaha wa mguu mmoja na hukunijibu, wewe ambaye hujapata kuniachia mzaha. Nikamwuliza Bashira, umewahi kumwona dada Hind amesimama? Akafikiri sana. Kasema kila akija kwenu anakukuta umekaa, blanketi miguuni, hata mwezi wa sita watu wanapotoka jasho. Nikampigia simu Ammar, nikamwuliza mama yako anatembeaje. Akaniuliza kama Unguja kuna mvua.

Umeniandikia barua tatu, zote miguu yangu, maji na kiwiko, mguu wenye sukari huongopa. Ya miguu yako hukuandika hata mstari. Na Khelef hukuja kumzika, na mimi nikakuwekea hilo moyoni miaka miwili.

Dada, nimefunua wangu. Funua na wewe.

Shariffa


Maskati
Ijumaa, 28 Juni 2024

Mdogo wangu Shariffa,

Marahaba. Hapa wote wazima. Jino moja la mwenye mapengo limeanza kuota.

Ulikuwa umenificha kwa amri ya mama, nami nilikuwa nimekulaumu bila kukuuliza. Nisamehe. Ammar nimemsomea sehemu yake, akatoka nje kidogo, akarudi.

Nimeshasali, nimekaa, nimeshika kioo.

Mguu wa kulia: vidole vitano. Kucha nimekata jana, moja kwa moja. Kisigino kina ufa mmoja mkavu, nimetia mafuta.

Mguu wa kushoto: haupo. Ulikatwa chini ya goti tarehe 9 Februari 2022. Khelef alipofariki tarehe 20 nilikuwa bado niko hospitali, nikamwambia Ammar aseme nina homa. Niliona una msiba mmoja, sikutaka kukutwisha wa pili. Halafu siku zikapita, na ikawa kila nikishika kalamu nikwambie yangu naishia kukuuliza yako. Kwangu lilianza lengelenge kidole cha mwisho. Nililiona siku ya Ijumaa, nikasema nitalitazama tena Ijumaa ya pili yake.

Viatu dukani hawauzi kimoja kimoja. Nilikuwa natumia cha kulia tu, na nilipokufungia nilidhani hutaona.

Vitoe viatu chini ya kitanda, kisha mwambie Yusra atie pamba ndani ya cha kushoto, mahali pa vile vidole viwili. Uvimbe ukishapungua kitakuenea. Kikung'ute kwanza, tia mkono ndani, ukivae hicho cha kushoto. Hakijapata mguu tangu kinunuliwe.

Dada yako,
Hind